Gongo (pombe)

Gongo (huitwa pia moshi, piwa au machozi ya simba) ni pombe kali isiyo na rangi inayotengenezwa kienyeji nchini Tanzania kwa kukeneka, yaani kuchemsha pombe iliyochacha, kuunasa mvuke wake na kuupoza hadi uwe kimiminika tena. Hutengenezwa kwa nafaka, sukari au matunda, kutegemea mazao ya mahali. Kwa sheria ya mwaka 1966 ni kosa kuitengeneza, kuiuza au kuwa nayo bila leseni. Hata hivyo inaendelea kunywewa mijini na vijijini katika mikoa mingi, ukiwemo ukanda wa machimbo ya dhahabu ya Shinyanga na Geita.

Kwa namna inavyopatikana, gongo iko katika jamii moja na wiski, ramu, jini na konyagi, kwa kuwa zote ni pombe za kukeneka. Kinachoitofautisha ni mazingira yake: hutengenezwa kwa siri, haipimwi kwa vyombo na haihifadhiwi muda mrefu. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoipa ladha yake, na ndiyo chanzo cha hatari zake nyingi.

Majina

Katika Kiswahili neno gongo lina pia maana ya fimbo nene au rungu. Jina moshi ndilo linalotumika katika sheria na katika hati za mashtaka mahakamani, ambako mara nyingi huandikwa "moshi, maarufu kama gongo". Jina machozi ya simba linakumbusha jinsi kinywaji hiki kinavyotoka tone baada ya tone kwenye ncha ya mrija.

Mkoani Mara, karibu na mpaka wa Kenya, husikika zaidi jina chang'aa, na mkoani Kagera watu wengi husema konyagi ya kienyeji au waragi. Nje ya Tanzania pombe za aina hiyo huitwa waragi au enguli (Uganda), chang'aa (Kenya), kanyanga (Rwanda) na lotoko au lutuku (Kongo).

Pombe za kienyeji zisizokenekwa, kama vile komoni, mbege, rubisi, kangara na wanzuki, si gongo. Hizo huchachushwa tu, kwa hiyo kilevi chake ni kidogo zaidi. Jina wanzuki limetokana na neno nzuki, maana yake nyuki katika Kisukuma na Kinyamwezi, kwa sababu asili yake ni pombe ya asali.

Historia

Ufundi wa kukeneka ulijulikana Mashariki ya Kati karne nyingi zilizopita, na jina la chombo chake katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na neno la Kiarabu al-anbiq. Haukutumika kwa pombe peke yake. Hadi leo marashi ya waridi ya Jabal Akhdar nchini Omani hupatikana kwa njia hiyohiyo ya moto, mvuke na maji baridi.

Katika bara la Afrika ya Mashariki jamii nyingi zilikuwa na pombe za nafaka, ndizi na asali tangu zamani, lakini pombe ya kukeneka ilikuja baadaye. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ufundi huo ulihusishwa hasa na askari wa Kisudani waliotumikia majeshi ya kikoloni, pamoja na familia zao. Nchini Uganda na Kenya pombe yao ilijulikana kama jini ya Wanubi, na mtaa wa Kibera jijini Nairobi ulikuwa mojawapo ya vituo vyake.

Serikali za kikoloni zilipinga pombe hiyo tangu mwanzo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea mipaka pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulikataza utengenezaji wa vinywaji vya kukeneka katika makoloni yaliyohusika. Kwa sehemu kubwa ya kipindi cha ukoloni Waafrika wa Tanganyika hawakuruhusiwa hata kununua pombe kali za chupa, ilhali Wazungu walizinywa katika klabu zao. Hivyo mtu wa kawaida aliyetaka pombe kali hakuwa na njia halali ya kuipata, na utengenezaji ukaendelea kichakani.

Baada ya uhuru marufuku ya kibaguzi iliondoka, lakini udhibiti wa pombe ya kukeneka ulibaki. Bunge lilipitisha sheria ya moshi mwaka 1966. Katika miaka ya 1970 ilianzishwa kampuni ya Tanzania Distilleries Limited jijini Dar es Salaam, inayotengeneza Konyagi, pombe kali ya kiwandani yenye kilevi cha asilimia 35. Tangu hapo nchi imekuwa na pombe kali ya aina mbili: ile ya chupa yenye lebo, na ile ya dumu isiyo na jina la aliyeitengeneza.

Utengenezaji

Hatua ya kwanza ni kuchachusha. Malighafi yenye wanga au sukari huchanganywa na maji na hamira, au na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira hula sukari na kutoa kilevi (ethanoli) pamoja na gesi ya kaboni. Baada ya siku kadhaa povu hutulia na mchanganyiko huwa na harufu kali.

Hatua ya pili ni kukeneka. Ethanoli huchemka kwenye nyuzijoto 78 hivi za Selsiasi, na maji kwenye 100. Kwa hiyo mchanganyiko ukichemshwa, mvuke wa kwanza huwa na kilevi kingi kuliko kile kilichobaki chunguni. Vyombo vyake ni vya kawaida: pipa au chungu kilichozibwa vizuri, mrija unaopita katika maji baridi, na chupa ya kukinga. Namna nyingine haina mrija. Bakuli huwekwa ndani ya sufuria kubwa na beseni la maji baridi huwekwa juu yake kama kifuniko. Mvuke hugusa kitako cha beseni, hugeuka matone na kudondokea kwenye bakuli.

Maji ya kupozea lazima yabadilishwe mara kwa mara. Ndiyo maana mitambo hiyo mara nyingi hukutwa kandokando ya mito, mabwawa na malambo. Kazi hii hutumia pia kuni nyingi. Jambo hilo lina uzito mkoani Shinyanga, ambako ukataji wa miti uliacha sehemu kubwa ya ardhi tupu hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) mwaka 1986, uliofufua ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayotengwa kwa desturi ya Wasukuma.

Mtengenezaji hana kipimo cha kilevi. Hutegemea macho, ulimi na moto. Chupa ikitikiswa, ukubwa wa mapovu na muda yanaodumu humwonyesha mzoefu kama pombe ni kali au ina maji mengi. Njia nyingine ni kuwasha kijiko cha gongo: ikishika moto husemwa ni nzuri. Kipimo hicho huonyesha tu kwamba kuna kilevi cha kutosha kuwaka. Hakionyeshi usalama, kwa sababu methanoli, ambayo ni sumu, nayo huwaka, tena kwa mwali hafifu usioonekana vizuri mchana.

Malighafi kwa mikoa

Gongo hufuata mazao ya mahali. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi hutumiwa mabibo, ambayo ni matunda ya mkorosho yanayobaki baada ya korosho kuondolewa. Mkoani Kagera hutumiwa ndizi. Katika nchi ya Wasukuma hutumiwa zaidi mahindi na pumba zake, mtama, ulezi na sukari. Mahali penye kiwanda cha sukari jirani, molasi huchukua nafasi ya sukari kwa kuwa ni rahisi.

Malighafi hubadilisha harufu na pia kemia ya kinywaji. Matunda yana pektini, ambayo wakati wa kuchacha hutoa methanoli kidogo. Sukari na nafaka hutoa kiasi kidogo zaidi. Kiasi hicho cha asili kwa kawaida si ndicho kinachoua watu wengi kwa mkupuo. Suala hilo linaelezwa hapa chini.

Katika ukanda wa dhahabu

Kata ya Mwakitolyo iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, na ni mojawapo ya maeneo yanayojulikana kwa uchimbaji mdogo wa dhahabu. Maeneo kama hayo yametapakaa kutoka Shinyanga na Kahama hadi Geita. Mahali dhahabu inapopatikana huzuka rashi: watu humiminika kutoka mikoa mbalimbali, na katika muda mfupi panakuwa na maduara, karasha za kusagia mawe, mialo ya kuoshea, mama lishe, maduka na vilabu vya pombe.

Mapato ya mchimbaji mdogo hayaji kila mwezi. Wengi hawana mshahara, bali hupata mgawo wa mawe duara linapotoa. Wiki nyingi zinaweza kupita bila senti, kisha fedha nyingi zikapatikana kwa siku moja. Hali hiyo inaipa gongo wateja wa aina mbili. Asiye na kitu hunywa kwa mali kauli, akiahidi kulipa duara likitema, na gongo ni rahisi kuliko bia. Aliyepata hununulia wenzake. Kwa muuzaji, deni la mchimbaji ni bahati nasibu kama duara lenyewe.

Hatari ya ulevi machimboni ni kubwa kuliko mahali pengine. Duara lina ngazi na kamba, hewa yake ni finyu, na kuta zake zinaweza kuporomoka wakati wowote. Kanuni za usalama migodini hukataza mtu aliyelewa kuingia kazini, lakini katika machimbo madogo usimamizi wake hutegemea mwenye duara na viongozi wa kikundi.

Kuna pia uhusiano wa kitaalamu kati ya kazi hizi mbili. Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma mchanganyiko huo ili zebaki iondoke kama mvuke, ambao ni sumu kwa mapafu na ubongo. Wataalamu wamekuwa wakihimiza matumizi ya chombo kilichofungwa chenye bomba linalopoza mvuke huo na kuirudisha zebaki. Kanuni yake ni ileile ya mtambo wa gongo: moto, mvuke, ubaridi, tone. Mvuke wa gongo hukingwa kwa uangalifu kwa sababu una thamani sokoni, ilhali wa zebaki mara nyingi huachwa hewani, ingawa madhara yake ni makubwa zaidi.

Sifa zake zikilinganishwa na wiski

Gongo ni nyeupe kama maji. Ina harufu ya malighafi yake na ukali unaochoma koo, unaotokana na kilevi chenyewe na aina nyingine za alkoholi zinazotoka mwanzoni na mwishoni mwa ukenekaji. Viwandani sehemu hizo mbili hutengwa na kurudishwa mtamboni. Kwa mtengenezaji mdogo kila chupa inayotengwa ni hasara, hivyo mara nyingi huchanganywa zote.

Wiski inapotoka mtamboni nayo ni nyeupe na kali vilevile. Tofauti huja baadaye. Sheria ya Uingereza inataka wiski ya Uskoti ikae si chini ya miaka 3 ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni, na iuzwe ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Aina yenye sifa kubwa huzeeshwa katika mapipa yaliyowahi kubeba sheri, divai iliyoongezwa kilevi kutoka eneo la Jerez nchini Hispania. Zamani sheri ilisafirishwa kwenda Uingereza kwa mapipa, na Waskoti waliyatumia yakiisha kumwagwa. Tangu miaka ya 1980 sheri huwekwa kwenye chupa hukohuko Hispania, kwa hiyo watengenezaji wa wiski hulipia mapipa yaloweshwe sheri kwa ajili yao. Mbao hizo huipa wiski rangi ya kahawia nyekundu na ladha inayokumbusha zabibu kavu, tini na viungo. Kila mwaka takriban asilimia 2 ya kilichomo hupotea hewani.

Ili pombe izeeke hivyo inahitaji pipa, ghala, mtaji wa kusubiri miaka, na zaidi ya yote haki ya kuwa nayo. Kwa gongo, dumu moja linalolala ndani ya nyumba ni ushahidi wa kosa. Kwa sababu hiyo huuzwa mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku ileile, na ukali wake hauna muda wa kutulia. Hata hivyo kuzeesha si kusafisha: pipa hubadilisha rangi na ladha, lakini haliondoi methanoli.

Hatari kwa afya

Hatari ya kwanza ni ya kilevi chenyewe. Kwa kuwa kiwango chake hakipimwi, toti moja ya leo inaweza kuwa kali kuliko ya jana. Unywaji wa muda mrefu huharibu ini na neva, na huambatana na utapiamlo kwa wanaokunywa bila kula.

Hatari ya pili ni methanoli. Ajali kubwa za vifo vya wengi kwa kawaida hutokea pale mtu anapoongeza methanoli ya viwandani ili pombe iwe nyingi au ionekane kali. Mwilini methanoli hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu mshipa wa macho. Dalili zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na kuona ukungu. Mgonjwa huweza kudhaniwa kuwa ana uchovu wa pombe tu, akaachwa alale. Anapaswa kufikishwa hospitalini mara moja, kwa kuwa tiba ipo lakini hufaa zaidi ikiwahi.

Hatari ya tatu hutoka kwenye vyombo. Pombe iliyochacha ina asidi inayoweza kutoa zinki kwenye mabati, na risasi kwenye mabomba yaliyounganishwa kwa lehemu yenye madini hayo. Madumu yaliyowahi kubeba mafuta au viuatilifu huacha mabaki. Kukeneka nako kuna ajali zake, kwa sababu mvuke wa kilevi huwaka kwa urahisi na mtambo ulioziba unaweza kulipuka.

Sheria

Sheria ya moshi ya mwaka 1966 inahusu pombe ya kukenekwa kienyeji. Pombe za kienyeji zisizokenekwa ziko chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, ambayo inaruhusu vilabu vyenye leseni kuziuza kwa saa zilizowekwa. Hivyo katika kijiji kimoja mama anayeuza pombe ya mtama anaweza kuwa mfanyabiashara halali, na jirani yake aliyeichemsha pombe hiyohiyo mara ya pili akawa mtuhumiwa.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, yaani vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali ya kiwandani vilivyouzwa kwa bei ndogo. Lengo lilikuwa kupunguza ulevi, hasa wa vijana, pamoja na uchafuzi wa mazingira.

Uchumi na mjadala wa kurasimisha

Katika jamii nyingi za Tanzania utengenezaji wa pombe ni kazi ya wanawake, na gongo imefuata desturi hiyo. Wengi wa wanaoitengeneza ni wajane, walioachika au wenye kipato kidogo, na fedha yake hulipia chakula, matibabu na mahitaji ya shule. Wanaokamatwa mara nyingi ni haohao, na kifungo au faini huiangukia familia nzima. Upande wa pili kuna familia ambazo mapato ya baba huishia kilabuni. Gongo moja hulisha nyumba hii na kuitia njaa ile.

Hoja ya kurasimisha gongo imetolewa bungeni zaidi ya mara moja. Wanaoiunga mkono husema marufuku ya miongo mingi haijaimaliza, imeificha tu, na kwamba watengenezaji wakisajiliwa bidhaa yao inaweza kusafishwa na kupimwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Wanaoipinga huhofia ongezeko la ulevi, na huuliza nani atakagua maelfu ya mitambo midogo vijijini.

Nchi jirani

Uganda ilipitisha sheria ya enguli mwaka 1965. Ilitaka watengenezaji wawe na leseni na wauze pombe yao kiwandani, ambako ilikenekwa upya na kuuzwa kama Uganda Waragi. Chupa hiyo ilipata umaarufu, lakini waragi ya vijijini haikukoma. Mwaka 2010 takriban watu 80 walifariki kusini magharibi mwa nchi kwa kunywa waragi yenye methanoli.

Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980. Mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa kwa leseni na viwango. Hata hivyo mwezi Mei 2014 makumi ya watu walifariki kwa methanoli katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Historia ya nchi hizo mbili inaonyesha kwamba marufuku peke yake haikuzuia vifo, na ruhusa isiyo na ukaguzi wa karibu haikuvizuia pia.

Tazama pia

Pombe
Konyagi
Waragi
Chang'aa
Wiski
Methanoli
Mkoa wa Shinyanga
Mkoa wa Geita